Kisawazisha Mzigo na Wakala Asiyeuliza

Mtu aliye Wamaza, wilaya ya Kabambare, akimtumia ndugu yake wa Kasongo pesa kwa simu, ombi lake haliendi Kasongo moja kwa moja. Mnara hulipokea, hulisafirisha hadi kwenye kituo cha kompyuta, huko linashughulikiwa, ndipo jibu linarudi. Kituo chenyewe chaweza kuwa mbali. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, lakini seva zake, yaani kompyuta zinazoshughulikia maombi, ziliwahi kuwekwa Ujerumani, na zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Kampuni za wingu, yaani zinazokodisha kompyuta kupitia intaneti, nazo zimesogea: Microsoft ilifungua vituo Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Kutoka Wamaza hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 3,000, lakini mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Umbali peke yake, basi, hauwezi kumsubirisha mtu sekunde kumi. Foleni inaweza.

Tuanze na seva moja. Tuseme inamaliza ombi kwa milisekunde 20, na sekunde moja ina milisekunde 1,000. Kwa sekunde itamaliza maombi 50. Yakija 60, kila sekunde yanabaki 10. Baada ya dakika moja yanayosubiri ni 600, na atakayefika hapo atangoja sekunde 12. Akichoka atabonyeza tena, na foleni itarefuka zaidi.

Ubaya ni kwamba foleni haingoji seva ijae. Maombi hayaji kwa mpangilio: mara matatu kwa mkupuo, mara kimya. Mwanahisabati wa Denmark, A. K. Erlang, alichapisha mwaka 1909 kazi yake ya kwanza juu ya jambo hili, akichunguza simu zinazopigwa. Kutokana na elimu iliyokua baada yake tunapata kanuni nyepesi: maombi na muda wa kuyashughulikia vikibadilika kwa bahati, wastani wa muda wa kupata jibu ni muda wa kazi ukigawanywa kwa sehemu ya seva iliyo wazi. Seva ikitumika nusu, 20 kwa 0.5 ni milisekunde 40. Ikitumika asilimia 90, 20 kwa 0.1 ni 200. Ikifika asilimia 98, ni 1,000, sekunde nzima. Mzigo haujaongezeka hata mara mbili, lakini muda wa kupata jibu umefika mara 25.

Dawa ni kuweka seva kadhaa, na mbele yake programu ya kugawa maombi. Hiyo ndiyo kisawazisha mzigo. Inafanya kazi ya msimamizi wa kivuko kwenye mto Lualaba: hugawa abiria kwenye mitumbwi, mtumbwi unaovuja haupakii, na mtumbwi unaopumzishwa humaliza kwanza kuvusha waliokwisha kupanda.

Kazi ya kwanza, kugawa, hufanywa kwa zamu au kwa kuipa seva yenye maombi machache. Ya pili ni kupima afya. Katika kisawazisha kimoja cha Amazon, kama hujabadilisha chochote, kila seva huulizwa hali yake kila sekunde 30. Ikishindwa mara 2 mfululizo haipewi kazi, na hairudishwi mpaka ifaulu mara 5. Ya tatu ni kuondoa kwa utaratibu: seva inayotolewa haipewi maombi mapya, lakini katika kisawazisha hicho huachiwa hadi sekunde 300 imalize yaliyo mkononi.

Sasa kisawazisha hiki akabidhiwe wakala wa akili mnemba, programu inayosoma agizo la mtu kisha kuchagua zana za kulitekeleza. Wakala huyu haoni kompyuta. Katika itifaki ya MCP, yaani kanuni za kuunganisha akili mnemba na zana, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, zana huwasilishwa kwake kwa jina, maelezo ya lugha ya kawaida, na orodha ya vigezo inavyopokea. Kisichoandikwa hapo atakikisia.

Tumpe zana yenye maelezo haya: «ondoa_seva: huondoa seva». Tuna seva 3 na maombi 90 kwa sekunde. Kila moja inabeba 30 kati ya 50 inayoweza, asilimia 60, na jibu hupatikana kwa milisekunde 50. Wakala anaambiwa apunguze gharama. Anaondoa moja: zilizobaki zinabeba 45 kila moja, asilimia 90, na jibu sasa ni milisekunde 200. Anatazama orodha, seva aliyoiondoa bado imo, kwa kuwa sekunde 300 hazijaisha. Anadhani amri haikupita, anachagua nyingine. Inabaki seva moja mbele ya maombi 90. Kila sekunde 40 yanasalia, na kwa dakika moja ni 2,400. Hakuna zana iliyoharibika hapo; maelezo ndiyo yaliyopungua.

Maelezo kamili yangesema hivi: «Huacha kuipa seva maombi mapya. Seva hubaki kwenye orodha ikiwa na hali ya “inaondoka” hadi sekunde 300. Hiyo si hitilafu. Usitoe amri nyingine kabla ya kuuliza hali. Kabla ya kuondoa, pima mzigo: usiendelee kama seva zitakazobaki zitapita asilimia 70.» Kiwango hicho huchaguliwa na mwenye mfumo.

Vipimo navyo viandikwe. Namba 30 bila kipimo yaweza kuwa sekunde au milisekunde. Na amri iwe salama kurudiwa. Penye mtandao wa kukatika, amri inaweza kufika lakini jibu likapotea njiani. «Ongeza seva 2» ikirudiwa huleta 4. «Seva ziwe 5» ikirudiwa hubaki 5. Ujumbe wa kosa nao uonyeshe njia: «seva haipo, angalia orodha» unamfaa wakala kuliko «kosa 404».

Hata hivyo, maandishi hayazuii mkono. Zana ya kufuta au kuondoa ifungwe kwa ruhusa ya mfumo wenyewe, na binadamu aidhinishe.

Ewe kijana unayejenga mifumo Kindu, Bukavu au Goma, kabla ya kumkabidhi wakala zana, mpe mwenzako asiyeujua mfumo wako asome maelezo yake. Kila swali atakalokuuliza, liandikie jibu humo humo. Wakala hatakuuliza.