Kompyuta ya Kliniki Inapoganda Wakati wa Kuwaka

Katika vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki, kumbukumbu za wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU hutunzwa katika OpenMRS, mfumo ambao chimbuko lake ni kazi iliyoanza Eldoret, Kenya, mwaka 2004. Aghalabu mfumo huo hukaa ndani ya kompyuta moja tu ya Linux. Asubuhi ambayo kompyuta hiyo huwashwa ikakwama kwenye nembo, tabibu hukosa historia ya mgonjwa, na mwenye mzio wa penisilini aweza kuandikiwa penisilini.

Usikimbilie kuchomoa waya. Kompyuta iliyoganda huenda inafanya kazi isiyoonekana: umeme ukikatika ghafla, Linux hukagua diski kwa programu iitwayo fsck, na diski kubwa yaweza kuchukua muda mrefu. Taa ya diski ikiendelea kupepesa, subiri.

Kisha bonyeza kitufe cha Esc. Mara nyingi nembo huondoka na mistari ya maandishi hutokea. Mstari wa mwisho ndiyo dalili yenyewe. Upige picha umtumie fundi hata kama huuelewi. Fundi asiyeuliza mstari huo unasemaje anatibu bila kupima.

Chanzo kimoja husahaulika mno, nacho ni diski ya nje ya nakala rudufu. Iliandikwa katika faili la /etc/fstab, kisha mtu akaichomoa akaenda nayo. Mfumo huisubiri kwa sekunde 90, ukihesabu mbele ya macho yako, halafu husimama katika hali ya dharura. Irudishe diski, uwashe upya. Tiba ya kudumu ni fundi kuongeza neno nofail katika mstari wa diski hiyo, ili siku nyingine isipokuwapo mfumo uendelee kuwaka.

Mistari ikipita salama lakini ukurasa wa kuingilia usitokee, shuku diski iliyojaa. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina na nywila, uandike df -h. Ikionekana asilimia 100, amri ya sudo journalctl --vacuum-size=200M hupunguza kumbukumbu za mfumo. Usifute chochote ndani ya /var/lib/mysql, hata kikiwa kikubwa namna gani: humo ndimo walimo wagonjwa wenu.

Tatizo likianza mara baada ya mfumo kusasishwa, fungua menyu ya GRUB kwa kubonyeza Esc au Shift mwanzoni kabisa, uchague toleo la zamani la kiini. Na fundi akishauri kusakinisha upya kabla ya kunakili hifadhidata, mkatalie.

Ikilazimu kuzima, shikilia Alt na PrtSc, ukibonyeza S, U, kisha B polepole. Katika Ubuntu, hatua hizo huandika data diskini na kuwasha upya bila kuijeruhi.

Nawe mgonjwa, njoo na kadi yako na vikopo vya dawa, useme mzio wako bila kungoja kuulizwa. Mhudumu ataandika katika rejista ya karatasi. Kompyuta ikipona, taarifa ziingizwe kwa tarehe ya hudhurio, si tarehe ya kuingizwa, la sivyo mgonjwa aliyefika siku yake atahesabiwa mtoro.