SOMO: SANAMU YENYE MISUMARI



Juzi darasani tulionyeshwa picha ya sanamu ya mti kutoka Kongo ya Chini, imepigwa misumari mwili mzima. Wengine wetu tulicheka, wengine tulisema: “Ni shetani tu!” Basi tukaona vema tujifunze kwanza.

1. Ni kitu gani?
Wakongo huiita nkisi. Mchongaji alichonga mti tu. Halafu nganga alitia tumboni bilongo, ni kusema dawa: udongo mweupe, mbegu, majani, akafunika kwa kioo. Mtu mwenye ugonjwa, au watu wenye ugomvi, walileta shauri mbele yake, msumari ukapigwa. Kumbe kila msumari ni shida ya mtu. Sisi tulikuwa tunacheka shida za watu!

2. Ng’ambo ya bahari
Wakongo wengi walichukuliwa utumwani Haiti. Mikono yao ilikuwa mitupu, lakini ujuzi waliubeba kichwani. Katika dini ya Vodou kuna vifurushi vya nguo vya kuponyea, na mpaka leo vinaitwa “paketi za Kongo”. Hector Hyppolite (1894–1948), mganga wa Vodou huko, alichora ibada na pepo zake kwa rangi, na picha zake zikasifiwa mbali.

3. Biblia inasema nini?
Katika Hesabu 21, Musa alitengeneza nyoka wa shaba, na walioumwa walimtazama wakapona. Lakini katika 2 Wafalme 18:4 Hezekia alimvunja, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Nyoka ni yule yule. Kilichogeuka ni mioyo ya watu.

4. Tunajifunza nini?
Kutazama si kuabudu. Tukiwa na homa, twende hospitali, tusipoteze siku. Lakini hapa Goma daktari tunamwita munganga. Neno ni ndugu wa nganga. Yule wa zamani alijua jambo moja: mgonjwa hawezi kuachwa peke yake, jamaa wote wanaitwa, maneno yaliyofichwa yanasemwa. Je, sisi wa Himbi, mwenzetu akilala siku tatu bila kuja darasani, nani anakwenda kumuuliza?

Maswali
a) Nani alitia dawa katika nkisi: mchongaji au nganga?
b) Kwa nini Hezekia alivunja kazi ya Musa?
c) Juma hili utamtembelea mgonjwa gani?