Foleni ya Musa na Hundi za Ushirika

Somo: Kutoka 18:13-26, Matendo 6:1-6

Wengi wetu tunapeleka maziwa ama kahawa kwa ushirika, kwa hivyo somo la juma hili tulisome tukiwa na kadi ya memba mkononi.

Musa alikuwa anaketi kuamua kesi za watu asubuhi hadi jioni. Hakuwa mwizi wala mvivu. Lakini Yethro mkwewe alimwonya kwamba atachoka yeye, na watu pia watachoka. Hiyo sehemu ya pili huwa tunairuka. Waliokuwa wanaumia zaidi ni wale wa kwa foleni.

Najua chama kimoja cha maziwa ambapo mwenyekiti ndiye alikuwa anaweka sahihi kila hundi, anaongea na mnunuzi, anashika hata ufunguo wa stoo. Mtu mwaminifu kabisa. Alipolazwa wiki tatu, wakulima hawakulipwa, na watoto wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Hakuna shilingi iliyoibwa! Mimi nilisomea biashara miaka minne nikifundishwa hatari ya kutegemea mtu mmoja. Yethro aliiona kwa siku moja.

Lakini hakusema kila mtu aamue kila jambo. (Hiyo ni ile kamati ambayo haiwezi kununua ndoo bila vikao vitatu.) Alisema wawekwe wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, madogo yaishie chini, mazito yapande juu. Na wawe watu wanaochukia hongo.

Sheria yetu ya vyama vya ushirika inataka kamati ya watu 5 hadi 9, na memba mmoja kura moja, uwe na ng'ombe mmoja ama ishirini. Sheria ya 1997 ilipunguza mkono wa serikali katika vyama. Usimamizi ukaharibika kwingi, hadi 2004 ikabidi irekebishwe. Kwa maoni yangu, ile nafasi ilitakiwa ijazwe na memba, lakini mara nyingi ilijazwa na mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

Sasa Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku, na watu wakanung'unika. Mitume hawakuwanyamazisha. Waliambia kusanyiko lichague watu saba, na ukisoma majina, yote saba ni ya Kiyunani. Waliolalamika ndio waliopewa kusimamia meza.

Hapa kwetu nani anaamka saa kumi na moja kukamua? Mama. Na kadi ya memba iko kwa jina la nani? La mzee. Basi mkutano mkuu ukifika, aliyekamua hana kura. Wazee, ongeeni na mama nyumbani juu ya hili kabla ya mkutano.

Vikundi vya nyumbani: kila mmoja aje na risiti ya malipo ya mwisho, na ajue ni watu wangapi wanaweka sahihi kwa hundi za chama chake. Tutaanzia hapo.