Mtini wa Limbani: ninavyoweka alama miche yangu

Mtini wa pale Limbani ulikatwa mwezi ule ule msingi wa nyumba mpya ulipochimbwa mahali pake. Sikuwa na la kusema. Kiwanja si changu, na mwenye nyumba ana haja zake. Nilijipa moyo kwamba nilishakata vijiti tisa kwenye mti ule na kuvipanda kwangu. Nikaenda nyuma ya jiko kuvitazama. Palikuwa na viriba 26 vilivyotoka kwenye mitini mitatu tofauti, na yale niliyoyaandika juu ya viriba kwa maka peni yalikuwa yameliwa na jua, masika ikamalizia. Miche yote kijani, yote mizima, na sikujua hata mmoja mama yake ni yupi.

Hapa Wete tumezoea miche ya mikarafuu. Ile huoteshwa kwa mbegu, na ukichanganya viriba viwili bado una mikarafuu miwili. Mtini hupandwa kwa kijiti, na kijiti ni mti ule ule uliokatwa: tini zake zitakuwa na rangi ile, utamu ule. Majani hayasaidii sana kuutambua. Mtini mmoja huweza kutoa jani lenye mipasuko mitano na jingine lisilo na mpasuko wowote, na mche mchanga ndio unaodanganya zaidi. Mpaka uzae, jina lake liko kwenye alama peke yake.

Nimegundua kwamba mara nyingi miche haichanganyikii kitaluni, bali katika ile saa moja baina ya kukata na kupanda. Kwa hiyo alama naziandika nyumbani kabla sijashika kisu. Nikifika kwenye mti nakata vijiti vya unene wa penseli, urefu wa shubiri moja hivi, vyenye pingili tatu au nne. Chini nakata mshazari, juu nakata sawa, ili nisije nikapanda kichwa chini. Nafuta yale maziwa yake kwa kitambaa (yanawasha ngozi, hasa juani), nafunga vijiti vya mti ule kwa uzi pamoja na alama yake, ndipo naondoka. Siendi kwenye mtini wa pili siku hiyo hiyo. Mti mmoja, siku moja. Watu huona nachelewesha kazi, lakini sijachanganya tena tangu nianze hivyo.

Kiriba hakiandikwi. Kitachanika, mche utahamia kwenye ndoo, na ndoo nayo siku moja itatakiwa kwa maji. Alama ni ya mti, basi ifuate mti. Kwa miezi ya mwanzo nakata vipande vya ndoo nyeupe ya rangi iliyokwisha, navisugua kwa msasa mpaka mng'ao utoke, kisha naandika kwa penseli ya kawaida ya shule. Jua haliifuti penseli kama linavyofuta wino. Kila mche hupata vipande viwili: kimoja kinasimama kuonekana, cha pili nakizamisha chote kwenye udongo, ukingoni mwa kiriba. Kile cha juu kuku hukiparura na watoto hukichomoa. Cha chini kimeniokoa zaidi ya mara moja.

Mche ukishaingia kwenye chungu chake cha kudumu naufungia bati la kopo la soda. Nakata kipande cha upana wa vidole viwili, nakunja kingo zisikate mtu, nakilaza juu ya gazeti lililokunjwa na kuandika kwa kukandamiza kalamu iliyokwisha wino. Maandishi yanaingia ndani ya bati. Hata likichafuka, ukipitisha kidole unayasoma. Natoboa kwa msumari, nafunga kwa waya laini wa umeme, na kitanzi nakiacha kipana. Shina hunenepa, na waya uliobana utaukaba mti. Kabla ya masika na kabla ya vuli napita kuvilegeza vyote.

Ninachoandika ni kifupi: herufi ya mti mama, mwaka, namba ya mche. L-24-3 ni mche wa tatu wa mti L, uliokatwa 2024. Mengine yote yako kwenye kaunta buku: tarehe, mahali, nani alinipa, lini ulichipua. Mche ukifa naupigia mstari na namba yake haipewi mwingine. Hao waliokufa ndio wamenifundisha mti upi huota mizizi kwa urahisi na upi huoza ukimwagiliwa sana.

Nina marando ya pilipili manga pia, na huko naongeza neno moja: sehemu nilipokatia. Rando la shina linalopanda juu hutoa mche utakaopanda. Ukikata tawi la pembeni, lile linalozaa, utapata kijiti kifupi kisichokwea nguzo. Vikiwa kwenye viriba jicho la haraka haliwezi kuvitenganisha, na aliyekwisha kusimamisha nguzo zake atasubiri bure.

Wale 26 wasio na jina sikuwabahatisha. Niliwaandika X, namba 1 hadi 26, kwa sababu jina la uongo likishafungwa kwenye mti hakuna atakayelihoji tena. Mwaka wa pili X-11 ukaweka tini. Za mwanzo zilianguka changa. Zilizofuata nilizifunga kwa vipande vya chandarua kuukuu, maana popo hawamsubiri mtu, na ilipoiva ya kwanza nilimpelekea bibi mmoja wa Limbani aliyekula tini za mti ule tangu utoto wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Akaipasua kwa vidole, akaitazama nyama yake, akala nusu polepole. "Ndiyo hii," akasema, na akaitia kinywani nusu iliyobaki.

Usiku ule nilikata kopo la soda na kuandika L, kisha nikafungua kaunta buku kwenye mstari wa X-11 na kuandika kando yake: mama yake Limbani, amethibitisha bibi. Miche mingine mitano imeanza kuweka matunda mwezi huu, na chandarua sina tena cha kukata.