Kuponi, pointi na kikapu cha Marikiti: Pesa za chakula huokolewa wapi?

Kila mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, maduka makubwa ya Mombasa hubandika matangazo ya bei zilizopunguzwa, na mnunuzi aliye na kadi ya duka huongezewa pointi za kutumia siku za baadaye. Ni jambo la kushukuru kwa familia iliyobanwa na gharama ya maisha. Hata hivyo, kabla ya kufurahia punguzo, inafaa mwenye kushika mfuko wa nyumba ajiulize swali moja: ni vyakula gani hasa vinavyopunguzwa bei?

Chukua tangazo lolote kati ya hayo ulisome kwa kalamu mkononi. Mara nyingi utakuta soda, biskuti, juisi za pakiti, majarini, tambi na sabuni. Pojo, mchicha na dagaa ni nadra kuwaona humo. Sababu yake si ngumu kufahamu. Kwa kawaida mwenye kiwanda ana fungu la pesa alilolitenga kutangaza bidhaa yake, ilhali mkulima wa mchicha hana. Kuponi yenyewe ilianzia kwenye soda: mwishoni mwa miaka ya 1880 huko Marekani, Coca-Cola iligawa vikaratasi vilivyompa mtu glasi moja ya bure ili aionje, arudi na kununua ya pili. Kazi ya kuponi tangu hapo ni kumfanya mtu anunue alichokuwa hakukipanga.

Chupa moja ya soda ya nusu lita ina sukari ya takriban gramu 50, yaani vijiko vya chai zaidi ya 10. Mama aliyenunua chupa mbili kwa bei ya moja na nusu hakuokoa kitu ikiwa nyumbani hawangekunywa hata moja. Ametoa pesa, na watoto wameshiba maji matamu kabla ya chakula.

Hii si kusema kadi za pointi zitupwe. Zitumie kwa vitu ambavyo ungenunua hata bila punguzo: sabuni, chumvi, unga na mafuta ya kupikia. Kwa vitu hivi pakiti iliyofungwa ina faida nyingine. Sheria ya Kenya huhitaji chumvi ya mezani itiwe madini ya joto, na tangu mwaka wa 2012 huhitaji unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe vitamini na madini ya chuma, na mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A. Mafuta ya kupimiwa kwa kijikombe kutoka kwenye mtungi ulio wazi juani huenda yamepoteza sehemu ya vitamini hiyo. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba pointi ni ahadi ya duka moja tu. Duka likianguka, kama Nakumatt ilivyoanguka na wadai wake wakapiga kura ifungwe Januari 2020, pointi zake hazinunui hata kiberiti kwingineko. Zitumie mapema.

Hesabu ya kadogo

Pesa nyingi za familia za kisiwani hazipotei kwenye duka kubwa. Hupotea kwenye duka la mtaani, kidogo kidogo, kwa ule ununuzi uitwao kadogo. Tuseme kilo moja ya pojo ni shilingi 160, na robo kilo inauzwa shilingi 45. Anayenunua robo nne kwa wiki hulipa shilingi 180, yaani shilingi 20 zaidi. Kwa mwaka ni shilingi 1,040, ambazo zingemnunulia kilo sita na nusu za pojo hizo hizo. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mchele, sukari, majani ya chai na mafuta, uone ni kiasi gani. Hakuna kuponi itakayokurudishia pesa kama hizo.

Lakini tuwe wakweli. Anayenunua kwa robo hafanyi hivyo kwa kutojua hesabu. Hana shilingi 160 kwa wakati mmoja, kwani kibarua cha leo ndicho chakula cha leo. Njia inayomfaa ni ya kuchanga. Nyumba sita za Kibokoni au Bondeni zikiungana kununua gunia la mchele la kilo 50, kila moja hupata kilo nane na ziada. Vyama vya akina mama vipo tayari katika kila mtaa. Kilichobaki ni mzunguko mmoja kati ya mizunguko yao uwe wa chakula badala ya pesa taslimu.

Wengine huvuka daraja la Nyali hadi Kongowea, ambako bidhaa huuzwa kwa jumla. Ni sawa, ila nauli ya kwenda na kurudi na ya tuktuk ya kubebea mzigo itiwe katika hesabu. Kwa mafungu mawili ya mchicha na nyanya chache, Marikiti ya hapa Barabara ya Digo ni rahisi zaidi. Kwa mzigo wa nyumba sita, Kongowea inalipa.

Majira na saa

Wazee wa Mji wa Kale walijua kununua kwa majira. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwezi wa Novemba hadi Machi, bahari hutulia, vyombo vidogo hutoka, na samaki hushuka bei. Kusi inapovuma bahari huchafuka na bei hupanda. Miezi hiyo familia ising'ang'anie samaki mbichi. Dagaa wakavu, mbaazi na kunde hujenga mwili vilevile. Pojo za nazi kwa wali ni mlo kamili kuliko watu wanavyoudhani, kwa kuwa protini ya nafaka na ya jamii ya kunde hukamilishana. Kamulia ndimu au ufuatishe kipande cha embe, na mwili utachukua madini ya chuma zaidi. Chai ya rangi ingoje saa moja baada ya kula, maana huyazuia madini hayo. Ushauri huu hauna gharama yoyote, na kwa mama mjamzito una uzito mkubwa.

Jioni bei za mboga hushuka. Mchicha wa saa kumi na moja ununuliwe kwa kupikwa usiku ule ule, wala usiachwe hadi kesho. Kwa samaki, tahadhari ni kubwa zaidi. Jodari, nguru na una waliokaa juani bila barafu hujenga sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, hata samaki akikaangwa mpaka akauke. Aliyemla huweza kuwiva uso, kuwashwa, kuumwa na kichwa na moyo kumwenda mbio. Samaki wa namna hiyo ni ghali hata akiuzwa nusu bei, kwa sababu safari ya hospitali huja juu yake.

Kuhifadhi

Anayenunua kwa wingi pwani anapambana na unyevu. Pojo na kunde huliwa na fukusi. Mahindi na njugu hushikwa na kuvu, na kuvu hiyo ndiyo huleta sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 huko Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mahindi yale mengi yalikuwa yamehifadhiwa nyumbani yakiwa hayajakauka vyema.

Kwa hivyo anika nafaka juani kabla ya kuziweka, kisha uzitie katika mtungi mkavu wenye kifuniko cha kubana, uujaze hadi juu ili hewa isibaki na wadudu wakose pumzi. Mtungi uinuliwe juu ya ubao, mbali na ukuta, kwani kuta za mawe za nyumba zetu za zamani hutoa jasho wakati wa masika. Mahindi au njugu zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu, zitupwe. Kuziosha au kuzichemsha hakusaidii. Wala wasipewe mbuzi wa uani, kwa maana mbuzi akizila, sumu hupita hadi kwenye maziwa yake.