Unauza nyumba Lodwar au Kakuma? Chagua vizuri mtu wa kuiandaa, kisha umlipe kwa awamu

Umeamua kuuza nyumba. Jirani anakuambia, "Usiionyeshe watu ikiwa hivyo. Tafuta mtu aipange kwanza, utapata bei nzuri." Ushauri huo si mbaya. Kwenye miji mikubwa kuna watu ambao kazi yao ni hiyo tu, kuandaa nyumba ivutie mnunuzi. Huku kwetu utampata fundi wa rangi, mpambaji wa sherehe au broka mwenye jicho zuri.

Shida huanza anaposema, "Nitumie pesa nianze." Ukituma yote siku ya kwanza, huna tena cha kumshikia. Leo tujifunze kumchagua na kumlipa.

Kwanza: je, nyumba inauzika?

Usipake rangi kabla ya kujibu swali hili. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mume au mke wako akubali iuzwe. Kuishi ndani ya kambi ya Kakuma au Kalobeyei hakukupi umiliki wa ardhi. Na kama karatasi za kiwanja zina utata, rangi mpya haitausafisha.

Dalili tatu za mtu mzuri

1. *Anauliza kuhusu nyumba kabla ya kutaja bei.* Lodwar ni joto na vumbi. Mnunuzi ataangalia kama hewa inapita, kama kuna dari, tangi la maji na kivuli. Mtu anayejua kazi atakuambia ufyeke mathenge kwenye ua, ujaze tangi, na uonyeshe nyumba asubuhi kabla jua halijawa kali. Anayekimbilia mapazia mazito na zulia alizoona kwenye picha za Nairobi atakumalizia pesa bure.

2. *Kazi yake unaweza kuiona.* Picha za WhatsApp zinaweza kuwa za mtu mwingine. Omba nyumba moja aliyoifanya hapa mjini, uende uongee na mwenyewe.

3. *Anakubali kuandikiana.* Akisema "tuaminiane tu", tafuta mwingine.

Mfano wa malipo

Tuseme mmekubaliana Sh30,000. Rangi, brashi na simenti ni Sh18,000, ufundi ni Sh12,000.

- Sh18,000: lipa dukani mwenyewe kwa namba ya till ya hadiwea. Pesa ya vifaa isipite mkononi mwa fundi.
- Sh3,000: akifika na kuanza kazi.
- Sh5,000: rangi ikishakauka na nyumba imesafishwa.
- Sh4,000: baada ya nyinyi wawili kuzunguka kila chumba pamoja.

Kama nyumba iko Kakuma na fundi anatoka Lodwar, hiyo ni safari ya kilomita 120 hivi. Elewaneni nauli mapema, kando na ufundi, isije ikawa deni jipya kila asubuhi.

Andika ujumbe kama huu:

"Habari fundi. Tumekubaliana ufundi Sh12,000, vyumba viwili na ua, siku nne. Nitalipa 3,000, 5,000 na 4,000 kama tulivyoongea. Nijibu kama ni sawa."

Akijibu "Ni sawa mama", hifadhi ujumbe huo pamoja na SMS za malipo. Mkikosana, ndio ushahidi wako.

Kabla pesa haijaondoka

Soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la mtu mliyeongea naye, simama umuulize. "Tuma kwa namba ya ndugu yangu" si jibu la kutosha.

Kumbuka pia: kurejesha muamala ni kwa pesa iliyotumwa kimakosa, si kwa fundi aliyeharibu kazi. Ukituma kwa namba isiyo sahihi, omba kurudishiwa papo hapo. Lakini kama ulimlipa mtu uliyemkusudia, kinga yako ni ile pesa ambayo bado hujaituma.

Jipime

Siku ya pili fundi anapiga simu: "Nimalizie yote leo, kesho nakamilisha." Utafanya nini?

Jibu: Fungua ujumbe wenu. Kama rangi imekauka na nyumba imesafishwa, tuma Sh5,000. Zile Sh4,000 zinangoja mzunguke vyumba pamoja.