Milango Kumi ya Azaiba: Kuulinda Mtaa Pamoja na Majirani



Somo la mwezi huu ni mtaa wenyewe: taa, takataka, watoto barabarani, maji ya mvua. Mmeniuliza kwa namna nyingi swali lilelile: hapa Azaiba, mtu akitaka mtaa wake uwe salama, anaanzia kwa nani? Mbona hakuna balozi?

Nawaelewa. Mimi nilikulia Nyarugusu, Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu Wakongo, na usiku tulilala tukijua sungusungu wanazunguka. Mliotoka Tanzania mnamjua balozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU. Mliotoka Kenya mlianza kusikia Nyumba Kumi ikihimizwa mwaka 2013. Wazee wa Kongo hawajasahau salongo ya Mobutu, ingawa wengi wangependa kuisahau. Kwa hiyo hakuna aliyefika hapa mikono mitupu. Ila si kila tulichobeba kinafaa.

Sungusungu tuiache. Oman kukamata watu ni kazi ya polisi peke yao. Ukiona mtu anajaribu milango ya magari usiku, usiwaamshe vijana na fimbo, piga 9999. Ni namba hiyohiyo kwa ajali, moto na mgonjwa mahututi. Kabla ya hapo wafundishe watoto kutaja jina la eneo, namba ya njia na namba ya jengo lenu. Nimekutana na baba mwenye mwaka mzima hapa asiyejua namba ya njia yake, na simlaumu, maana sisi tumezoea kuelekeza kwa mti na duka.

Nyumba kumi, hiyo tuichukue, lakini bila cheo wala muhuri. Jua milango kumi iliyo karibu nawe: nani anaishi, nani ana gari, nani ni mjamzito, mzee gani anakaa peke yake. Na hapa tuna bahati ambayo ndugu zetu waliopelekwa miji mingine hawana. Familia nyingi za Oman zilirudi kutoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa kuanzia 1970 Sultan Qaboos alipotwaa madaraka. Nyingine zilitoka bara, hata Burundi, Rwanda na Kongo. Bibi wa nyumba ya kona unayemwamkia kwa Kiarabu cha kuokoteza huenda anakisema Kiswahili kuliko wewe. Jaribu shikamoo uone.

Sasa maji, maana hapa ndipo watu hufa.

Azaiba ni tambarare kati ya milima ya Bausher na bahari. Mvua ikinyesha milimani, maji lazima yateremke, na njia yao ni wadi, yale makorongo makavu ambayo watoto wetu wanayaona ni viwanja vya mpira. Wadi inaweza kujaa wakati juu ya kichwa chako hakuna hata tone. Juni 2007 kimbunga Gonu kiliua watu wapatao 50 Oman. Mtambo wa Ghubra, jirani zetu hapa, uliokuwa ukigeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, ukasimama, na mabomba ya Muscat yakakauka siku kadhaa. Aprili 2024, huko Samad al-Shan, maji yalisomba gari lililobeba wanafunzi. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la barabarani lenye faini na hata kifungo, lakini mimi siwaambii kwa ajili ya faini.

Basi kaeni na majirani kabla ya mvua, si siku ya mvua. Mkubaliane nani ana ghorofa ya juu na atapokea wa chini. Nani atambeba mzee asiyetembea. Magari yatasogezwa wapi. Nani atapiga simu kwa kila mlango, maana si wote wanaosoma ujumbe. Jazeni matangi na ndoo mapema. Msichana wa kazi na mlinzi wa jengo nao wana milango yao, wahesabuni. Na kimbunga Shaheen kilipoipiga Batinah, Oktoba 2021, watu walitoka mikoa mingine na makoleo yao kwenda kutoa matope katika nyumba za wasiowajua. Huo ndio utamaduni wa nchi hii, kwa hiyo msiogope kuwaomba majirani Waomani.

Kwa mambo ya kila siku, Manispaa ya Muscat inapokea malalamiko kwa namba 1111: pipa limefurika, barabara ina shimo, mtaro umeziba. Omba namba ya lalamiko na uiandike. Sauti moja hupotea. Mwaka wangu wa kwanza mtaro wa nyuma ya jengo letu ulikuwa unanuka, nikamfuata mwenye nyumba mara tatu peke yangu, nikajibiwa "inshallah." Tulipokwenda familia nne siku moja, tukiwa na picha, ulizibuliwa wiki ileile.

Mambo matatu ya kujihadhari nayo. Mchango: kwetu kupitisha bakuli ni jambo la kawaida, lakini Oman kukusanya fedha kwa watu bila kibali ni kosa. Jirani akiunguliwa nyumba, pelekeni chakula na mikono yenu, kisha mje ofisini tuwaelekeze kwenye jumuiya yenye kibali. Picha: piga mtaro, usipige mtu. Uvumi: usisambaze kwenye kundi la WhatsApp habari ya mwizi au ya mafuriko uliyoletewa na mtu usiyemjua, inaweza kukufikisha kituoni.

Kuhusu watoto na Barabara ya 18 Novemba, akina mama watatu wameshaanza kupokezana kuwavusha wanaokwenda pwani jioni. Anayetaka zamu aje Jumapili ofisini na karatasi yenye milango yake kumi. Nitakuwapo na kalamu, na chai ya maziwa.